Kesi Iliyohamia Ubungo

Koleo ni chombo cha mhunzi cha kushikia chuma kilichoiva motoni. Likivunjika, chuma kinapoa, mteja ananuna, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba yule bwana kazi imemshinda. Lakini mhunzi anayeijua kazi yake hafungi kiwanda kwa sababu ya koleo. Atafua jingine, ataazima kwa mwenzake, na ikibidi atakishika chuma kwa kijiti kibichi mpaka siku ipite. Ndiyo maana wahenga wakatuachia kauli kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengi wetu kauli hii tunaitamka vizuri mno tukienda kuwapa pole wenzetu. Yakitufika wenyewe, tunakaa chini na vipande vya koleo mapajani tukilia. Rumaisa wa Bunju hakuwa mtu wa kukaa chini, na habari yake ndiyo hii.

Rumaisa alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile zenye maua na vijitundu ambavyo hushonwa kimoja kimoja kwa sindano nyembamba. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi. Mteja wake mkubwa alikuwa Masoud, mwenye duka la kanzu na kofia kule Sinza. Kwa miaka kumi na mmoja Rumaisa alimpelekea mzigo wake, na hawakuwahi kukwaruzana hata siku moja.

Asubuhi moja ya tarehe ishirini Juni alifika dukani akiwa na mkoba wa kofia. Masoud alikuwa ndiyo kwanza ameuinua mlango, mlango mzito wa chuma wa kujikunja juu. Alimkaribisha ndani kwa bashasha. Rumaisa aliinama kizingitini kuokota kofia iliyomponyoka, kofia ambayo Masoud alijiagizia kwa harusi yake mwenyewe na ilikuwa bado haijamalizika. Mlango ukashuka wote kwa mara moja. Ulipoinuliwa tena, mkono wake wa kulia ulikuwa umepondeka, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, havikukunjika tena tangu siku hiyo. Kwa mtu mwingine labda ungekuwa mkono mbovu tu. Kwa mshona kofia, vidole hivyo viwili ndivyo kazi yenyewe.

Masoud alimpeleka hospitali siku ile, akamjulia hali mara mbili, kisha akanyamaza. Rumaisa alipomtumia ujumbe kwamba daktari amesema upasuaji unaweza kuvirudisha vidole, jibu lilikuja kupitia kwa watu: mlango wangu ni mzima, yeye mwenyewe alijikwaa akaudandia. Neno hilo lilimuuma Rumaisa kuliko chuma. Akaapa kwamba suala hili litasikilizwa mbele ya hakimu, na hakimu ndiye atakayesema nani aliuangusha mlango.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa. Kijana wa steshenari pale Bunju aliyemchapia hati ya madai alimuuliza, "Mama, hilo duka liko wilaya gani?" Rumaisa hakufikiri hata kidogo. Akajibu Kinondoni. Nani asiyejua kwamba Sinza ni Kinondoni? Alizaliwa akisikia hivyo, na juu ya duka la Masoud kibao chenye rangi iliyopauka kiliandikwa SINZA, KINONDONI. Kwamba serikali ilikwisha kuigawa wilaya miaka mingi nyuma, na Sinza ikaangukia Ubungo, hilo lilikuwa jambo la watu wa ofisini. Sie wengine tuliendelea kuita kama tulivyozoea.

Kesi ikafunguliwa Kinondoni. Ikaahirishwa, ikaitwa, ikaahirishwa tena. Siku ilipokaribia kusikilizwa, wakili wa Masoud, bwana mmoja mtanashati aitwaye Albano, alisimama akatoa pingamizi.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema kwa utaratibu, "kesi ya mtu kuumia hufunguliwa mahali madhara yalipotokea, au mahali mdaiwa anapoishi. Mteja wangu anaishi Temeke. Duka lake liko Sinza, na Sinza iko Wilaya ya Ubungo. Kinondoni anaishi mdai peke yake. Mahakama hii haina mamlaka. Jambo kama hili ni haki liamuliwe pale lilipotokea."

Hakimu alipekua makaratasi, akamtazama Rumaisa kwa huruma, kisha akasema pingamizi ni sahihi. Hakuifuta kesi. Aliamuru hati ya madai irudishwe kwa mwenyewe ili aipeleke kwenye mahakama inayostahili. Rumaisa alitoka nje na bahasha mkononi. Miezi kumi na sita ya kwenda na kurudi ilikuwa imeishia kwenye jina la wilaya.

Nyumbani Bunju mume wake Hudhaifa, fundi bomba asiyependa makuu, alimpokea bahasha akaiweka juu ya kabati.

"Mama Suhaib," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mie nakuonea huruma. Tumejaribu. Tumwachie Mungu."

"Mungu nimemwachia siku nyingi, Baba Suhaib. Haya makaratasi kayaacha kwangu."

Hudhaifa akacheka bila kutaka. Alimjua mkewe. Kesho yake alimsindikiza mwenyewe hadi kwa msaidizi wa kisheria, mama wa makamo aitwaye Kokushubila, aliyekuwa akiwasaidia wanawake kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya kata. Kokushubila alisoma uamuzi wa hakimu mara mbili, akavua miwani.

"Uliumia lini?"

"Juni ishirini. Mwaka huu inatimia miaka mitatu."

"Na leo ni tarehe mbili." Kokushubila aligeukia kalenda ya ukutani. "Dada yangu, madai kama haya muda wake ni miaka mitatu. Una siku kumi na nane. Sheria inamhurumia aliyekosea mahakama kwa nia njema, lakini mie sipendi kutegemea huruma. Nategemea kalenda."

"Nifanye nini?"

"Sheria inakupa uchaguzi. Temeke anakoishi yeye, au Ubungo ulikoumia wewe. Temeke ana jamaa, ana jina, na akiamua kuhama nyumba tutaanza kubishana anaishi wapi. Duka halihami."

"Ubungo, basi," alisema Rumaisa. "Mkono wangu niliuacha Sinza, nitaufuata huko huko."

Kokushubila alitaka barua ya serikali ya mtaa wa pale dukani, yenye muhuri, inayosema wazi kwamba duka liko ndani ya Ubungo. Hakutaka mtu asimame tena na kusema mambo ya mipaka. "Na tutaambatisha pingamizi la wakili wao," aliongeza, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kasema mwenyewe kwamba Sinza ni Ubungo. Hatupati shahidi bora kuliko huyo."

Barua ya mtaa ni kitu kidogo, lakini nani hajui adha yake? Rumaisa alipofika, mtendaji alikuwa mafunzoni Dodoma na muhuri ulikuwa kabatini kwake. Njoo Jumatatu. Jumatatu ikawa Jumatano. Rumaisa hakugombana na mtu. Kila asubuhi alitoka Bunju, akafika, akasalimia, akakaa kwenye benchi mpaka ofisi inapofungwa. Ili asiwe kama mtu wa kusubiri tu, alikuja na kitambaa na sindano, akajaribu kushona kwa mkono wa kushoto.

Tusidanganyane, ilikuwa aibu. Uzi ulipinda, tundu moja likawa kubwa kuliko jingine, na sindano ilimchoma mpaka kidole kikatoa damu. Binti aliyekuwa akifagia ofisi alimwambia kwa upole kwamba angeweza kuacha tu namba ya simu wakampigia. Rumaisa akamjibu kwamba simu haimtii mtu haya, bali mtu aliyekaa mlangoni anaonekana. Siku ya tano kwenye benchi alipata ua moja ambalo halikuwa la kuchekesha. Siku ya sita mtendaji alirudi, Adelina kwa jina. Alipoambiwa kuna mama ambaye amemsubiri kwa siku zote hizo, aliandika barua kabla hajaweka mkoba wake chini.

Habari hazikai. Jioni ile ile mgeni alibisha hodi Bunju. Alikuwa Bi Najma, mama mdogo wa Masoud, mtu mzima mwenye heshima zake, amejifunga buibui safi. Hakuja na mtu wa kumbebea. Sinia alilibeba mwenyewe, limefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na halua na doti ya khanga.

"Shikamoo, Bi Najma," alisema Rumaisa akimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuangalia mkono."

Walikunywa kahawa. Bi Najma akaongea mengi ya zamani, kisha akafika alikokusudia. Akachomoa karatasi chini ya khanga. Ilisema Rumaisa amesamehe na hana madai yoyote kwa Masoud wala duka lake.

"Sie ni watu wa pwani," alisema Bi Najma. "Mambo yetu tunayamaliza mkekani. Ukila halua hii na kutia saini yako, yamekwisha. Mahakama inatia watu uadui."

Hudhaifa alimtazama mkewe. Ukweli ni kwamba Rumaisa aliumia. Alimpenda bibi yule, alimshonea wajukuu zake wote kofia za sikukuu. Kwa watu wake, kukataa sinia la mtu mzima ni jambo zito, na moyo wake ulitaka amani kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa chumbani humo.

"Bi Najma," alisema mwishowe, "kusamehe ni kwa aliyekiri. Masoud anasema mie niliudandia mlango wake. Nikila halua hii, nimekubali kwamba mie ndiye mwongo. Nisamehe mie kwanza, sitaweza."

Rumaisa akaondoa halua na khanga akaviweka juu ya meza, akamwomba avichukue aondokapo. Lakini kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Akaingia chumbani, akatoka na kofia ile ya harusi, nusu imeshonwa, yenye doa la damu lililogeuka rangi ya kutu na sindano bado imechomekwa pale alipoishia. Akaiweka katikati ya sinia na kuifunika kawa.

"Ni yake, aliniagiza. Mwambie niliishia hapo."

Bi Najma aliinua kawa, akatazama, akafunika. Aliaga kwa sauti ya chini na kuondoka.

Tarehe kumi na nane Juni, saa nne asubuhi, Rumaisa alisimama mbele ya karani wa mahakama Ubungo, binti makini aitwaye Sekela. Sekela alikagua hati iliyorudishwa, uamuzi wa Kinondoni, barua ya mtaa na pingamizi la wakili. Akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya mezani.

"Mama, umebakiza siku mbili."

"Zinatosha kunirudisha nyumbani," alisema Rumaisa, na Sekela akaipokea kesi.

Safari hii hakukuwa na pingamizi la mamlaka. Albano angepinga nini wakati maneno yake mwenyewe yalikuwa yameambatishwa? Alijitetea kwa njia nyingine. Alisema mlango ulikuwa mzima tangu ulipowekwa dukani, na kwamba mdai alijikwaa, akaushika ili asianguke. Kisha akauliza kama ni kweli mdai ameonekana akishona kofia hadharani, kwenye benchi la ofisi ya mtaa.

"Ni kweli," Rumaisa alijibu.

"Basi kazi hujaipoteza."

Rumaisa akafungua mkoba, akatoa kofia mbili na kumpa karani azifikishe kwa hakimu. "Mheshimiwa, hiyo ya kwanza niliishona kwa mkono wa kulia, kwa mwezi mmoja. Hiyo ya pili ni ya mkono wa kushoto. Ina miezi mitano na bado haijaisha. Naomba uziangalie mwenyewe."

Hakimu, mwanamke mwenye maneno machache, alizigeuza geuza mikononi kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya vile vijitundu. Hapo Rumaisa akaomba jambo moja, kama Kokushubila alivyomfundisha: mahakama iende ikauone mlango.

Albano akasimama kupinga. Hakimu akamkumbusha, bila kuinua sauti, kwamba katika pingamizi lake la Kinondoni aliandika kuwa ni haki jambo hili liamuliwe pale lilipotokea. "Sinza si mbali, wakili. Tutakwenda."

Wakaenda. Nje ya duka walisimama hakimu, karani, wakili, Masoud na kanzu yake nyeupe, na Rumaisa pamoja na mumewe. Mlango ulikuwa umefungwa. Fundi aliyeletwa na Masoud alikwishaupaka rangi mpya, unang'aa. Rumaisa alipouona moyo ulimshuka. Alidhani watatazama rangi na kuondoka, na yeye atarudi Bunju akiwa na jina la mtu aliyeudandia mlango wa watu.

"Ufunguliwe kama unavyofunguliwa kila siku," alisema hakimu.

Masoud akampa ishara Salumu. Salumu alikuwa mfanyakazi wa duka hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, mzee mtaratibu ambaye Rumaisa alimwomba mara mbili awe shahidi na mara mbili akaomba radhi, kwa kuwa mkate wake ulitoka kwa Masoud. Salumu aliinama, akafungua kufuli, akausukuma mlango juu. Kisha, bila kutazama, kama mtu anavyovua viatu mlangoni, akanyoosha mguu wa kushoto, akavuta gogo lililokuwa limeegemea ukuta kwa ndani, akalisimamisha kwenye reli chini ya mlango na kulipiga kwa kisigino mara moja likakaa sawa.

"Karibuni," alisema.

Hakuna aliyeingia. Hakimu alikuwa akilitazama gogo. Lilikuwa limechakaa, juu limechimbika mahali ambapo ukingo wa mlango ulilikalia mwaka hadi mwaka.

"Hilo gogo la nini?"

Salumu akatazama alichokifanya, na uso ukambadilika. Alimtazama Masoud. Masoud alitazama chini.

"Mheshimiwa, mie sikuja kusema. Ila umeniuliza na mie sijui kudanganya. Bila hili mlango unashuka. Ndoano yake ilikatika, wakaifunga waya, na waya hauuwezi."

"Tangu lini?"

"Kabla ya huyu mama kuumia. Nilikwishamwambia tajiri. Sie wafanyakazi tunajua, mlango ukipanda, gogo kwanza. Siku ile nilikwenda kuzika Kisarawe. Alifungua tajiri mwenyewe, na yeye gogo halijui."

Karani Sekela aliandika kila neno. Hakimu akaomba waya uoneshwe, ukaoneshwa, umepakwa rangi mpya pamoja na mlango. Rumaisa aliinua mkono mbovu akaufunika mdomo, akalia pale pale barabarani, na Hudhaifa akamshika bega. Miaka mitatu aliitwa mtu wa kudandia. Mguu wa mzee mmoja ulimaliza ubishi wote. Na mguu huo usingeonwa na hakimu yeyote kama kesi ingebaki kule Kinondoni, ambako ilifukuzwa kwa mbwembwe.

Hukumu ilitoka baada ya wiki sita. Mahakama iliona kwamba mdaiwa aliujua ubovu wa mlango wake na akamkaribisha mtu apite chini yake. Akaamriwa agharamie upasuaji na kumfidia Rumaisa kwa kazi aliyoipoteza. Salumu hakufukuzwa, maana Bi Najma alisema wazi mbele ya ukoo kwamba akifukuzwa mzee yule, yeye naye hataingia tena nyumba ya Masoud.

Jioni moja Bi Najma alibisha tena hodi Bunju, na sinia lile lile. Safari hii Masoud alikuwa nyuma yake, hana kilemba wala maneno mengi.

"Niliujua mlango, Rumaisa," alisema. "Niliogopa. Nisamehe."

"Sasa umekiri," alisema Rumaisa. "Nimekusamehe. Karibuni mkekani."

Bi Najma akafunua kawa. Kulikuwa na halua, na pembeni yake kofia ya harusi, imefuliwa, doa limebaki kivuli tu, sindano ipo palepale.

"Anaomba umalizie," alisema Bi Najma. "Harusi bado hajaifunga. Ukipona."

Rumaisa aliichukua kofia akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upasuaji ulikuwa mwezi ujao, na daktari hakumwahidi vidole vyote viwili. Akaichomoa sindano kwa mkono wa kushoto, akaitia uzi mara ya tatu ndipo ikakubali, akaanza palepale alipoishia siku ile. Ua la kwanza lilikaa upande kidogo, la pili likanyooka.

"Sisubiri kupona," alisema, akimtupia Masoud jicho la utani. "Mwambie bwana harusi avute subira, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."